Salamu za Mzee Inategemea

Jina la Inategemea alipewa na Jefwa, fundi cherehani wa mtaa wa Shella mjini Malindi, tena mbele ya mashahidi. Ulikuwa mwaka wa themanini na mbili. Jefwa alikuwa amepata jora la kitambaa lenye kibandiko cha Kiingereza, na mteja wake alitaka kujua kilichoandikwa kabla mkasi haujapita. Wakavuka njia, wakaenda kibarazani kwa Mzee Mbaruk Mahdi, karani mstaafu wa forodha, ambaye kwa Kiingereza hakuwa na mpinzani kuanzia hapo hadi Mambrui alikozaliwa.

"Shikamoo, mzee. Neno hili run lina maana gani?"

"Marahaba. Inategemea," akajibu Mzee Mbaruk, akatafuta miwani yake.

Mtu akifanya hivyo, alieleza, anakimbia. Pua ikifanya hivyo, inachuruzika. Mto unatiririka, mashine inafanya kazi, duka linaendeshwa, na mwanasiasa anagombea kiti. Kila maana aliipa mfano, kila mfano ulikuwa na watu wake, na watu hao walikuwa na jamaa zao. Alipofikia maana ya kumi na moja, kwamba rangi ya kitambaa huchuja kikifuliwa, mteja alikuwa amekwisha kwenda kununua kitambaa katika duka jingine.

"Mzee wangu," Jefwa akasema kwa huzuni, "nimekuuliza habari za kitambaa, umenipa habari za ulimwengu."

Tangu siku hiyo watoto walikuwa wakielekezana: nyumba ya Mzee Inategemea ni ile yenye mlango wa kijani. Mwenyewe hakuchukia. Aliamini kwamba maneno ya Kiingereza ni machache kuliko kazi zake, na kwa hiyo kila neno limeajiriwa mahali pengi. Mtu hawezi kusema linafanya nini mpaka ajue leo liko zamu wapi.

Kosa lake halikuwa hapo. Kosa lake lilikuwa katika barua. Kwa malezi aliyoyapata Mambrui, barua isiyo na salamu ni mgeni anayeingia ndani bila kupiga hodi, na Waingereza, kwa maoni yake, walikuwa wakiingia hivyo tangu siku ya kwanza. Basi kila alipofasiri barua ya Kiingereza, aliwastiri waandishi wake. Aliwaongezea salamu walizozisahau, akawaulizia hali za wazee na watoto, akayapaka asali maneno yao makavu. Na alipoandika kwa Kiingereza kwa niaba ya mtu, alifanya vivyo hivyo, ili asije akamwaibisha aliyemtuma.

Mkewe, Bi Zuleikha, alimwambia mara nyingi, "Baba Kuluthumu, wewe ukipewa hati ya kumfukuza mtu nyumbani uifasiri, atafunga mizigo huku anashukuru."

Mzee Mbaruk alilichukua neno hilo kuwa ni sifa.

Mwanzoni mwa mwaka wa themanini na nne alikuja Kahonzi kutoka Dabaso, ambako mumewe Ngala alitega kaa kwenye mikoko. Alikuja na binti yake, Kadii. Msichana huyo alikuwa amesoma hadi darasa la saba, kisha akakaa miaka miwili kwa Jefwa akijifunza cherehani. Sasa alitaka kuingia chuo kimoja cha ushonaji cha wasichana kule Kilifi. Hakutaka kitu kingine duniani. Barua ya maombi alikuwa ameiandika Mzee Mbaruk mwezi wa Disemba, na sasa majibu yalikuwa yamefika. Kiingereza cha Kadii kilitosha kusoma jina lake na tarehe tu.

Barua ilikuwa na mistari minne. Mzee Mbaruk aliisoma kimya; ilikuwa imekataa. Akamtazama Kadii, akaona jinsi alivyoikunja na kuikunjua ncha ya leso.

"Hili neno la kwanza, dear," akaanza, "linaweza kuwa ghali, linaweza kuwa mpendwa. Inategemea. Kwa mtu kama wewe ni mpendwa."

"Wameniita mpendwa?" Kadii akauliza.

"Wamekuita." Akakohoa, akaendelea kwa sauti ya mtu anayesoma: "Mpendwa binti yetu, awali ya yote twakusalimu wewe pamoja na baba yako na mama yako, tukitumaini kwamba hamjambo na kwamba mazao ya pwani ni mema. Baada ya salamu, twaona uchungu kukuarifu kwamba nafasi zetu kwa sasa zimebanana. Twakuombea kheri. Ni sisi wako waaminifu."

Kahonzi alitabasamu, akakunja barua, akaitia kifuani. Mzee Mbaruk akadhani tabasamu lile ni subira ya kiungwana. Alipolala mchana ule, alilala akijisifu kwamba amemkatalia mtoto wa watu bila kumliza.

Siku ya nne Jefwa alivuka njia, uzi ukimning'inia shingoni.

"Mzee, pongezi. Kadii amekaa kwenye cherehani yangu siku mbili bila kuinua kichwa. Ameshona sare ya chuo. Leo asubuhi wametangulia Kilifi, yeye na mama yake, na tenga la kaa."

"Kilifi kufanya nini?"

"Kurudisha salamu. Kahonzi anasema mtu akuulizie mumeo na mazao ya pwani, usiende kumwitikia, wewe ni mtu? Nikamwambia, mama, nimesikia nafasi zimebanana. Akanijibu, kwani pakibanana watu hawasogei?" Jefwa akacheka. "Na ile kazi aliyopewa ya kufua shuka hotelini Watamu, Kadii ameikataa jana."

Mzee Mbaruk alivaa viatu, akaenda kupanda gari la Kilifi. Hakumaliza kahawa yake, na hakumuaga mtu.

Aliwakuta ofisini kwa mkuu wa chuo. Bibi Monicah Thuku alikuwa mwanamke wa bara, mrefu, mwenye maneno machache, naye alikuwa ameinua miguu kidogo kwa sababu kaa mmoja alikuwa amelifungua tenga. Kadii alisimama kando ndani ya sare ya buluu. Kahonzi alikuwa katikati ya salamu.

"Na wanao nao hawajambo? Maana wewe umetuulizia wetu."

"Mimi nimewaulizia lini?" Bibi Monicah akasema.

"Katika barua."

"Barua gani, mama?"

Mzee Mbaruk alipiga hodi mlango ukiwa wazi. "Bibi," akasema, na kwa mara ya kwanza maishani akaanza na jambo lenyewe, "salamu hizo ni zangu. Barua yako haikuwa na hata moja. Ilisema hapana, nami nikaivisha kanzu."

Kaa akakwaruza sakafu.

"Kwa hiyo," Kahonzi akasema polepole, "tangu nilipoingia hapa ninamwitikia mtu ambaye hakuniita."

"Ndiyo, mwanangu. Nisamehe."

"Babu," akasema Kadii, "kazi ya hoteli nimeikataa."

Bibi Monicah ndiye aliyeinuka. Alimsogelea Kadii, akalishika pindo la sare, akaligeuza ndani nje, akaufuata mshono kwa kidole hadi kiunoni.

"Nani ameshona hii?"

"Mimi."

"Kwa kielelezo cha karatasi?"

"Nilimwona mwanafunzi wenu sokoni amevaa. Nikapima kwa macho."

Bibi Monicah akafungua kabati, akatoa faili, na ndani yake karatasi tatu zilizojaa mwandiko mzuri wa ukarani. Mzee Mbaruk aliutambua, akatamani kaa wangekuwa wengi zaidi.

"Karatasi ya kwanza inanisalimu mimi, walimu wangu, na wagonjwa wote walio chini ya dari hii," Bibi Monicah akasema. "Ya pili inashukuru kwa mvua. Hapo nikaacha. Nilidhani ni mzee anayetafuta jamaa zake waliopotea." Akaifunua ya tatu, akasoma, akaguna. "Darasa la saba, amepita vizuri. Miaka miwili kwa fundi. Mbona haya hayakuwekwa juu?"

"Bibi, ingekuwa ni kumwomba mtu kabla ya kumwamkia."

"Nina wasichana arobaini wa kuwasoma kwa siku moja, mzee. Wakiniamkia wote hivi, nitafika mwaka kesho." Akasukuma karatasi moja tupu mezani. "Siahidi kitu. Kuna orodha ya akiba, nafunga leo adhuhuri. Mistari mitano. Mstari wa kwanza uwe ombi."

Mzee Mbaruk alikaa. Akaandika neno moja, akalifuta.

"Unafuta nini?" Kahonzi akauliza.

"Salamu."

"Futa, futa! Tumekwisha salimiana vya kutosha."

Alipomaliza mstari wa tano, akashusha kalamu chini yake ili amtakie mkuu wa chuo afya njema. Kadii akaweka kidole juu ya karatasi, mahali palipobaki peupe. "Hapa babu usiandike," akasema. Mzee akaweka kalamu chini. Bibi Monicah akaisoma barua kwa muda mfupi kuliko mtu anavyokunywa maji, akaitia kwenye faili, akawaambia waende na kaa wao. Kahonzi akakataa katakata: salamu zilikuwa za uongo, lakini kaa walikuwa wa kweli.

Wiki mbili baadaye, siku ya kuamkia harusi ya jirani, Bi Zuleikha alimpa mumewe ungo wa mchele auchague mawe. Alikuwa nusu ya kazi Kahonzi alipotokea na bahasha, Kadii nyuma yake, na Jefwa nyuma ya Kadii na mkasi mkononi.

"Isome kama ilivyo," Kahonzi akasema kabla hata ya kukaa. "Usitie chumvi."

Mzee Mbaruk alijipangusa vidole, akavaa miwani. "Kadii Ngala. Fika tarehe tano Machi, saa mbili asubuhi. Lete shuka mbili, sahani, na mkasi wako mwenyewe."

"Na salamu?"

"Hakuna."

"Hata ya mume wangu?"

"Hata ya mumeo."

"Basi hiyo imetoka kwao," Kahonzi akasema, na kigelegele alichokipiga kiliwatoa majirani milangoni. Kadii aliichukua barua, akaitazama mistari ile mitupu, kisha akaketi kwenye ngazi na kulia kwa raha yake. Jefwa alikuwa tayari anabishana na watu kuhusu mkasi wa ukubwa gani unamfaa.

Walipokwisha kuondoka, Mzee Mbaruk aliuvuta tena ungo. Akaokota jiwe moja, na jingine, na kipande cha pumba. Akaupeta mara mbili, akautazama upande wa mwangaza, akaupeleka jikoni.

"Mchele huu hapa," akamwambia mkewe. "Ni safi."