Oili Iliyokuwa Inaongezeka

Shimo la kubadilishia oili alilichimba baba mwenyewe, uani kwetu, mimi nikiwa darasa la tano. Ni refu kama mtu aliyelala, na ukisimama ndani yake linakufika kifuani. Kuta alizijengea matofali ya kuchoma. Unaendesha gari polepole mpaka magurudumu yakae huku na huku, halafu unashuka chini kwa ngazi ya mbao.

Nyumba yetu iko nje ya mji wa Tabora, upande wa Kwihara, palepale ilipokuwa inapita misafara ya zamani na watu wake na minyororo yao. Baba alipokuwa anachimba alikuta shanga za bluu kwenye udongo mwekundu, na chini zaidi akakuta kitu ambacho hakutuonyesha. Alikifukia, akahamisha shimo hatua mbili kuelekea jikoni. Mama alimuuliza ameona nini.

"Cha wenyewe," akasema, akaendelea kuchimba.

Baba alikuwa dereva wa malori maisha yake yote. Alipoacha malori alinunua pikapu kuukuu ya dizeli, akawa anabeba asali na mahindi kutoka vijiji vya Tura. Oili ya gari hilo hakuna fundi aliyewahi kuigusa. Mimi, binti yake wa pekee, ndiye niliyekuwa nashuka naye shimoni, namshikia tochi, napokea nati na kuipangusa. Nilijifunza mkono kwa mkono. Baadaye nikawa mwalimu wa fizikia, na nadhani fizikia yangu ilianzia mle.

Alifariki mwaka juzi, wakati wa kiangazi. Nilikuwa Nzega, nilikokuwa nafundisha. Mama alinipigia simu akasema hali si nzuri, niende. Siku hiyo sikupata gari, kesho yake nilikuwa nasimamia mitihani, na nilipofika nyumbani siku ya tatu nilimkuta baba amekwisha kufunikwa shuka. Mama alikuwa ameketi pembeni yake, mikono mapajani. Hakulia. Hakulia msibani, hakulia kanisani, hakulia kaburini. Akina mama wa kwaya yetu ya Kimoraviani waliomzunguka walilia kwa niaba yake, huku wakimtazama kwa jicho la pembeni.

Niliomba uhamisho nikarudi Tabora kukaa naye. Pikapu ikawa yangu.

Jumamosi moja ya Oktoba, kabla mvua hazijaanza, niliamua kubadilisha oili. Ilikuwa saa saba mchana, ule wakati ambao hata kuku wanakaa kimya. Mama alikuwa amejilaza ndani. Niliwasha injini kidogo oili ipate joto iwe nyepesi, nikazima, nikashuka shimoni na beseni na spana. Nililegeza nati ya chini ya injini, nikaitoa, na oili ikaanza kushuka, nyeusi, laini, bila sauti kabisa.

Ukiwa mle shimoni unasikia nyayo za wapita njia kabla hawajafika, maana ardhi inazileta. Baba alikuwa akinichezesha, "Haya, anayekuja ni mwanamume au mwanamke?" Siku ile nilisikia nyayo. Hazikuwa za mtu mmoja. Zilikuwa nyingi, nzito, za polepole, zote kwa mwendo mmoja, na zilipita nyuma ya ukuta wa shimo kutoka magharibi kwenda mashariki. Nilisubiri sauti za watu. Hakuna aliyeongea. Nikapanda ngazi, nikachungulia barabarani kupitia geti. Barabara ilikuwa tupu, vumbi limetulia.

Nilijiambia nilichosikia ni mapigo ya moyo wangu, kwa sababu ya joto. Nikarudi, nikafunga nati, nikabadilisha filta, nikamimina oili mpya. Nilipima kwa kile kijiti cha chuma. Ilisimama sawasawa kwenye alama ya juu. Nikaandika tarehe kwenye karatasi na kuibandika ndani ya boneti, kama baba alivyokuwa anafanya.

Wiki mbili baadaye nilipima tena. Oili ilikuwa imepita alama ya juu.

Mwenye gari kuukuu ataelewa kwa nini nilisimama pale nikikodoa macho. Gari kuukuu linakula oili. Unaongeza wewe. Halijiongezei. Nilipangusa kijiti, nikarudisha, nikakitoa. Ilikuwa imepita alama kwa upana wa nusu kidole. Wiki iliyofuata ikawa kidole kizima.

Nilimweleza mama tukiwa tunakunywa chai. Aliweka kikombe chini.

"Imeongezeka?"

"Imeongezeka, mama."

"Na wewe hukuongeza?"

"Sikuongeza."

"Usiipunguze," akasema.

"Mama, oili ikizidi inaharibu injini."

"Nimesema usiipunguze, mwanangu."

Sikuipunguza. Nina shahada, nawafundisha watoto wa watu kwamba kitu hakitoki pasipo kitu, na bado sikuipunguza. Nilichofanya ni kutafuta mwizi wa kinyume, mtu anayeingia uani kwetu kuongeza badala ya kuiba. Jioni nilipima, kisha nikapitisha uzi mweusi wa kushonea juu ya boneti na kuufunga huku na huku. Asubuhi uzi ulikuwa mzima, na umande juu yake. Nikaukata, nikapima. Oili ilikuwa juu kuliko jana jioni.

Tangu siku hiyo mama akawa ananisubiri mlangoni kila asubuhi. Hakuwa hata anajibu shikamoo yangu kwanza. "Leo je?" Nikimwambia imepanda, anatikisa kichwa kidogo, anarudi ndani. Wakati mwingine nilimkuta amesimama karibu na gari, kiganja juu ya boneti iliyopoa, kama anayempima mtu homa. Alianza kufagia kulizunguka vizuri kuliko alivyofagia mlango wake. Nilianza kuogopa kurudi nyumbani, na sikujua kama naliogopa gari au namwogopa mama.

Kisha ikaja ile Ijumaa. Nilirudi kutoka shuleni saa tisa alasiri, nikaegesha uani, nikazima gari. Nikachomoa ufunguo.

Injini haikuzimika.

Mwanzoni nilidhani sikuzungusha ufunguo vizuri. Nilitazama mkono wangu. Ufunguo ulikuwa mkononi. Injini ikapandisha sauti yenyewe, bila mguu wangu kugusa kitu, ikapanda tena, na moshi mweupe mzito ukatoka nyuma ukafunika jiko na kamba ya nguo. Nilirudisha ufunguo, nikawasha, nikazima, nikauchomoa tena. Wapi. Nilikanyaga klachi nikaingiza gia, nikifikiri nikiiachia huku nimebana breki gari litajizimia lenyewe. Gia ilikwaruza ikakataa. Gari zima lilikuwa linatetemeka, vioo vinalia. Nilitoka nje nikiwa nimeshika ule ufunguo usio na kazi, na sikumbuki nilisema nini. Majirani wanasema nilikuwa naita, "Baba! Baba!"

Mama alitoka jikoni. Hakukimbia. Alikuwa ameshika kibao cha kukatia mboga, na kitenge chake kilikuwa kinachuruzika maji kwa kuwa alikuwa amekichovya kwenye ndoo.

"Fungua boneti," akasema.

"Mama, usisogee! Litapasuka!"

"Fungua boneti. Toa lile bomba la hewa."

Nilifungua. Nililegeza mpira wa hewa kwa mikono inayoteleza, nikauvuta. Mdomo wa injini ukabaki wazi, na ulikuwa unavuta hewa kwa mlio ambao sijawahi kuusikia kwa mashine. Ulikuwa mlio wa kifua. Mama akakunja kitenge mara nne, akakiweka juu ya ule mdomo, akapiga kibao juu yake, akaegemea kwa mikono yote miwili na uzito wake wote.

Injini ilipambana. Naandika neno hilo kwa kuwa sina jingine. Ilishuka, ikapanda, ikakohoa, gari likarukaruka, na mama alikuwa ameinamia kile kibao, uso wake umekaribiana na chuma, akisema taratibu, "Basi, baba. Basi. Imetosha. Imetosha sasa." Kwetu mke humwita mumewe baba. Si mimi niliyekuwa naambiwa.

Ikazimika.

Kimya kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko kelele. Nilimsogelea nikamshika mabega. Hakutaka kuondoa mikono. Nilipombandua vidole kimoja kimoja, alikaa chini pale pale kwenye udongo akaanza kulia, kilio cha sauti, kile ambacho kijiji kizima kilikuwa kimekisubiri tangu mazishi.

Alilia mpaka jua likaegemea. Nilikaa naye chini. Aliponyamaza nilimuuliza amejulia wapi kulizima gari namna ile.

"Igunga," akasema. "Mimba yako ilikuwa na miezi mitano. Nilikuwa nimepanda lori la baba yako tunatoka Mwanza, likafanya hivihivi njiani. Alichukua kipande cha ubao akaliziba. Akaniambia, gari likikataa kufa, linyime pumzi."

Alijipangusa uso kwa mkono wenye masizi.

"Wewe hukumsikia baba yako zile siku tatu," akasema. "Alikuwa anahema hivihivi. Hivihivi kabisa, mwanangu. Hajui mtu, hali, hanywi, anahema tu, nyumba nzima inasikia. Usiku wa tatu nilipiga magoti nikamwambia Mungu, mnyamazishe. Sikuomba apone. Niliomba anyamaze. Na kabla sijasema amina akanyamaza. Mpaka leo sijui kama nilisali au niliua."

Nilitaka kumwambia jambo la kitaalamu, kwamba ugonjwa ulikuwa umefika mwisho, kwamba maombi hayasimamishi mapafu. Badala yake niliushika mkono wake nikaanza kuupangusa masizi.

"Ndiyo maana ulitaka nisiipunguze?"

"Nilidhani anarudi," akasema. "Nilidhani ameanza kurudi kidogo kidogo."

Kesho yake nilimwita fundi wa mjini, mzee aliyewahi kuwa utingo wa baba. Alichukua tone la oili kutoka kwenye kijiti, akalisugua kati ya vidole, akalinusa, akaninyooshea kidole ninuse.

"Hii ni dizeli, dada. Sili ya pampu, ule mpira wa kuzuia dizeli isipite, imekufa. Dizeli inavuja inaingia kwenye oili, ndiyo inaongezeka. Ikizidi sana injini inaanza kuinywa yenyewe, na hapo ufunguo haina habari nao."

"Na mbona asubuhi ilikuwa nyingi kuliko jioni?"

"Jioni ulikuwa unapima gari limetoka njiani. Nyingine ilikuwa bado juu kwenye injini. Ikilala inashuka yote."

Ilikuwa sahihi, kila neno. Ningeweza kuichora ubaoni. Mama alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akamshukuru fundi, akamletea chai. Tulimwaga oili yote, tukaweka sili mpya na oili mpya. Kila nikipima, inasimama kwenye alama. Mama haniulizi tena. Lakini kuhusu zile nyayo sikumuuliza fundi, na sijui ningeanzaje kumuuliza.

Mwezi uliofuata mama aliomba nimpeleke Nzega kumwona dada yake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda lile gari tangu msiba. Alikaa mbele, mkoba mapajani, na tulipouacha mji akaanza kunisimulia zile siku tatu tangu mwanzo, saa kwa saa, alimpa nini, alimgeuzaje, nani alikuja kumsalimia. Niliendesha polepole ili asikatishwe. Karibu na Nzega akawa amemaliza. Akageuka akanitazama.

"Ungekuwa wewe uko pale, ungeomba nini?"

Nilikuwa na kilomita kadhaa za lami iliyonyooka mbele yangu na hakuna gari lolote. Nilimwambia sijui. Akaitikia kwa kichwa, akafungua kioo, na upepo wa moto ukaingia.