Ukurasa wa Nne

Mwanangu, ipo Ijumaa moja ambayo nimejaribu kuisahau nikashindwa. Juzi uliponishika mkono nje ya kanisa, pale Mesaimeer, ukaniambia umefungua chaneli ya habari za Wakenya wa Doha, na kwamba unataka niwe mmoja wa wasimamizi wake kwa sababu umesikia habari za gazeti langu lililofungiwa na wakubwa, nilicheka nikasema nitafikiri. Uongo. Nilikuwa naona haya tu, nikatafuta njia ya kukuondokea. Leo nakuandikia kwa sababu tukizungumza ana kwa ana nitapata nafasi ya kukwepa tena, na mimi ni mtu hodari sana wa kukwepa.

Hapa Doha mtu akivuka hamsini anaitwa mzee, kwa kuwa wenzake wamesharudi kwao. Lakini na mimi nilikuwa kijana hapa hapa. Nilikuwa mlinzi katika chuo kimoja cha wageni, nalala Industrial Area, mtaa wa kambi za vibarua, chumba kimoja na wanaume wengine wengi wanaokoroma. Zamu yangu ilikuwa mlangoni mwa maktaba, na mtu anayelinda vitabu kutwa nzima mwishowe hufungua kimoja.

Kilichoninasa kilihusu magazeti ya mwanzo ya Amerika, enzi ambazo nchi ile ilikuwa bado koloni la Waingereza. Nilikisoma kwa kuibia, nakifunga kila nikisikia viatu. Niliwapenda wale wapiga chapa. Mtu alikuwa na mashine yake, na pengine ndiye pia aliyesimamia posta ya mji, kwa hiyo barua na magazeti ya kwingine yanapita mikononi mwake. Meli ikitia nanga anamkimbilia nahodha amuulize ya huko atokako. Akikosa habari ananakili gazeti la mwenzake, na mwenzake naye ananakili la kwake. Mara nyingi habari ilisemwa tu kuwa imeletwa na muungwana mmoja aliyewasili kutoka mahali fulani, na jina la muungwana huyo hulioni popote.

Lakini lile la kwanza kabisa, lililotoka Boston, ndilo lililonivuruga akili. Kurasa tatu zilichapwa, ya nne ikaachwa wazi, ili msomaji aandike habari zake mwenyewe kabla ya kumpa mwingine. Tena mwenye gazeti aliahidi kwamba kosa likiingia litasahihishwa toleo linalofuata, na mtu akijulikana amezua uongo kwa makusudi, jina lake litachapwa watu wamjue. Wakubwa walilifungia baada ya toleo lile moja, kwa hiyo ahadi yenyewe haikupata kujaribiwa.

Basi nikaanzisha langu. Usicheke. Karatasi moja iliyokunjwa katikati, ikapata kurasa nne, natoa nakala katika duka moja la Industrial Area ambako mwenye mashine alinihurumia. Nililiita Karatasi ya Ijumaa, kwa kuwa Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko hapa, na ndiyo siku yetu ya ibada. Kurasa tatu nilizijaza mimi, ya nne niliiacha wazi, juu yake nimeandika: andika habari yako, kisha mpe mwenzako. Ile ahadi ya Boston nayo niliinakili, nikaiweka kwa herufi nzito ukurasa wa kwanza: atakayetuletea uongo, tutachapa jina lake.

Wiki nzima nakala zilizunguka vyumbani, kwenye mabasi ya kampuni, kwenye majiko ya watu. Ijumaa zinanirudia zikiwa na alama za mafuta na ukurasa wa nne umejaa. Fulani amefiwa na mama yake, tukutane chumba fulani. Naenda nyumbani mwezi ujao, nina nafasi ya kilo tano kwenye mzigo. Nani ana kitanda mtaa wa Muaither? Nilichagua zilizonipendeza, nikazichapa toleo linalofuata. Watu wakaanza kuniita mhariri, na mimi kichwa kikavimba. Nilitembea pale kanisani nikiwa na kalamu sikioni, na siku hizo sikuwa na jambo lolote la kuandika nikiwa kanisani.

Ikatokea wiki ambayo habari zilikuwa chache. Nikapitia kurasa za nne zilizorudi, nikakuta mstari mmoja, umeandikwa kwa penseli, bila jina: Consolata wa Muaither ametoroka kwa bosi wake. Consolata nilimjua kwa mbali. Alikuwa mfanyakazi wa nyumbani, aliimba kwaya, na ni kweli alikuwa hajaonekana Ijumaa kadhaa. Namba ya rafiki yake wa kwaya nilikuwa nayo. Sikumpigia. Niliketi kitandani nikaandika: Tumearifiwa na mtu wa kuaminika. Niliyaona maneno hayo yana hadhi, yanafanana na yale ya kitabuni. Huyo mtu wa kuaminika sikuwahi kumwona hadi leo.

Ijumaa iliyofuata, nikitoka ibadani, nilikuta gari kubwa jeupe limesimama nje ya geti. Ndani alikuwa mzee wa Mombasa aitwaye Athmani, dereva wa nyumba aliyofanya kazi Consolata. Alishusha kioo.

"Wewe ndiwe mwenye karatasi hii?"

"Ndiyo, mzee."

"Consolata hakutoroka, bwana. Yuko hospitali, auguza mamake bosi wetu. Mimi ndimi nimpelekeaye nguo."

Akanieleza yote, taratibu, bila kupandisha sauti. Nyumba ya jirani kulikuwa na msichana wa Uganda. Karatasi ilimfikia, akaisoma, akashtuka, akamwambia madam wake. Yule madam akampigia simu madam wa Consolata. Kumbe kabla ya hapo madam huyu wa Consolata alimwamini hata akawa anamwachia Ijumaa zake zote. Sasa akaingiwa na hofu. Alisema kama wenzake wenyewe wameandika, basi kuna mpango wa kutoroka. Akamnyima Ijumaa, akamchukua na simu, ile aliyokuwa akiongea nayo na wanawe huko Kakamega.

Nilisema, "Mzee, mimi sikuzua. Kuna mtu aliandika kwa penseli ukurasa wa nne, na simjui."

Athmani akaifunua karatasi, akaweka kidole juu ya ile ahadi yangu ya herufi nzito. "Wa penseli hatumjui, sawa. Wa mashine twamjua. Lichape hilo jina, nikamsomee madam kwa Kiarabu. Ataka kujua ni nani aliyesema, basi."

Nikamwambia toleo lijalo ataliona. Na wiki ile, mwanangu, niliandika jina langu mara nyingi na kulifuta kila mara. Niliwaza watanionaje. Niliwaza kwamba yule atakayekuwa mwongo mbele ya watu wote ni mhariri. Mwisho nikachapa chini kabisa, ukurasa wa tatu, kwa herufi ndogo: Kulitokea kosa kuhusu Consolata wa Muaither. Athmani alimsomea madam wake. Madam akauliza, kosa la nani? Karatasi haikusema. Simu haikurudishwa.

Athmani alimpelekea Consolata karatasi hiyo kule hospitali, kisha akanirudishia Ijumaa. Ukurasa wa nne ulikuwa na mwandiko mmoja tu, wa kalamu ya wino: Mimi ni Consolata Nekesa. Sijatoroka, niko kazini. Aliyesema nimetoroka naomba aandike jina lake kama mimi nilivyoandika langu.

Hakuna aliyekuwa ameniomba jambo dogo kama lile. Niliikunja nikaitia mfukoni, na Karatasi ya Ijumaa haikutoka tena. Watu walipouliza, nikashusha sauti nikasema wakubwa wamenikataza. Hakuna mkubwa aliyewahi kuniuliza chochote. Nikawasimulia na habari za Boston, jinsi gazeti la kwanza lilivyofungiwa, nikajiweka humo. Wakanisikitikia. Wengine wakanipa mkono kwa heshima. Hadithi uliyoisikia wewe ndiyo hiyo, na niliianzisha mimi mwenyewe.

Consolata alimaliza mkataba wake akarudi nyumbani. Athmani ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege. Aliniambia siku ya kuondoka, na mimi sikuwa kazini siku hiyo, nikakaa chumbani nikinyoosha shati la kazi. Aibu hiyo bado ninayo. Inanijia ninapoitwa mzee, inanijia kwaya ikianza.

Sasa sikia ninachokuomba. Usichape jambo la mtu kabla hujamtafuta mwenyewe, hata ikibidi chaneli yako ikae kimya wiki nzima. Ukiletewa habari ambayo hujui imetoka kwa nani, uliza, na usipopata wa kumuuliza, iache. Usiseme umeambiwa na mtu wa kuaminika kama huwezi kumpigia simu. Na siku utakapokosea, kwa sababu utakosea, sahihisha pale pale juu, kwa herufi zile zile, na uweke jina lako. Kuna mtu mahali fulani anasubiri jina hilo ili arudishiwe maisha yake ya kawaida.

Mungu akulinde katika ugeni huu, mwanangu. Akupe usingizi mtulivu, akurudishe kwa mama yako ukiwa na jina safi, na kalamu yako isimnyime mtu Ijumaa yake.

Usimamizi siutaki. Ila nakuomba nafasi ya habari moja, iwe ya kwanza katika chaneli yako, na usiifupishe wala kuilainisha:

Mimi, Japheth Kimanthi Ndeto, nilichapa kwamba Consolata Nekesa wa Muaither ametoroka kazini. Hakutoroka. Sikumuuliza mtu yeyote. Na gazeti langu halikufungiwa na wakubwa. Nililifunga mimi, ili nisiandike maneno haya.