Upande Mbaya wa Pichi

Mamangu aliuza matunda kwenye kona moja ya mtaa wa Hillbrow, na sijaona mtu anayepanga pichi kama yeye. Wanasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Yeye alikuwa na kanuni ya tatu, kibaya hugeuzwa nyuma. Hakuwa tapeli. Mteja akichagua pichi yenye doa, yeye mwenyewe alimbadilishia. Lakini mezani kila tunda lilipaswa kuonyesha shavu lake zuri, kama mtu aendaye kanisani. Wateja wote aliwaita "kiliya", yaani mteja, kama tulivyozoea kwetu Bukavu kabla ya kuhama. Mimi, bintiye, aliniita "mama", kwa sababu nilirithi jina la mama yake.

Mwaka 2017 nilikuwa msusi, na kila Jumamosi asubuhi nilijifunza uchoraji huko Troyeville kwa mwalimu mmoja Mzungu, mwanamke mtu mzima. Alikuwa na wazimu wa wachoraji wa Ufaransa wa karne ya kumi na nane, enzi ya Rokoko: waridi zinazomwagika vyomboni, zabibu zinazong'aa, utepe wa hariri hata pasipohitajika. Alitufundisha kwamba katikati ya uzuri wote ule mchoraji stadi huacha tunda moja lianze kuoza, ndipo jicho liamini. Nikameza kila neno. Wiki nzima nilijiona Mfaransa.

Matunda ya kuchora alinipa mamangu. Alichagua pichi sita bora kuliko zote, akazifunga kwenye gazeti. Nilizikalisha chumbani kwangu mpaka moja ikapata doa la kahawia. Doa lile nikaligeuza mbele kabisa, nikalichora kwa upendo kuliko waridi zote nilizolizungushia.

Siku ya kuonyesha kazi zetu mamangu alifunga meza mapema, akavaa kitenge chake cha Pasaka, akaja. Alisimama mbele ya picha yangu muda mrefu.

"Mama," akaninong'oneza kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, "juu ya nini uliweka fasi ya kuoza kwa mbele? Batu batasema niko nauzisha bintu bya kuoza."

Kabla sijamjibu, mwalimu akatufikia. Hakujua yule ni nani. Akasifu doa langu kwa Kiingereza, kisha akauliza, "Matunda haya uliyapata wapi?"

Ningeweza kusema. Neno lenyewe ni fupi, na mwenyewe alikuwa amesimama begani pangu. Lakini wenzangu walikuwa wanasikiliza, nami nikaiona ile meza, ile ndoo ya maji, zile ndala zake za kazini.

"Kwa mwanamke mmoja tu wa barabarani," nikajibu.

Naona aibu hata sasa ninapoandika. Nilidhani hataelewa, nikasahau kwamba Kiingereza chake chote alikiokota barabarani. Na maneno yale lazima aliyageuza kichwani kwa Kiswahili, na kwetu mwanamke wa barabarani si muuza matunda.

Alirekebisha kitenge chake, akaniambia meza inamngoja, akaondoka.

Jumatatu nilikwenda kwenye kona yake kuomba msamaha. Badala yake nikaomba pichi.

Akachukua moja, akaigeuza taratibu, akanionyesha kwanza doa lililokuwa nyuma.

"Ona muzuri," akasema, kwa ile sauti ya upole anayompa kila mtu. "Karibu, kiliya."