Macho ya Nahodha Okoth

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino, maana mtu wa Birongo, huko milimani Kisii, akiambiwa ofisi hufikiria sakafu ya simiti. Ofisi yenyewe, ya kuwatahini manahodha, ilikuwa chumba kimoja kando ya gati la ziwani, upande wa Homa Bay, na mtihani wa asubuhi hiyo ulifanyiwa ndani ya boti. Mtahini Mkuu, mzee wa Pwani aliyesema polepole, alinitazama miguu, akaniuliza kama najua kuogelea. Nikamjibu kwamba kwetu Gusii mito tunavuka kwa daraja. Hakucheka.

"Basi utajifunza kwanza," akasema. "Huwezi kumtahini mtu juu ya maji unayoyaogopa wewe mwenyewe."

Nikajifunza, mtu mzima na mama wa watoto, nikimeza maji mbele ya wavuvi waliojifanya hawanioni. Ndipo akaanza kunifundisha kazi.

Vijana wa hapa Birongo huniuliza kama leseni ya nahodha hutolewa kama ya bodaboda. Sivyo. Nahodha wa boti ya abiria au mizigo lazima kwanza awe amefanya kazi majini chini ya nahodha mwenye leseni, na huyo amshuhudie. Apimwe afya. Ajue huduma ya kwanza, kuzima moto, na namna ya kumwopoa aliyeanguka majini. Akishatimiza hayo ndipo anakuja kwetu kwa mtihani wa mdomo, halafu wa vitendo: kung'oa nanga, kugeuza boti penye upepo, kuifikisha gatini bila kugonga.

Tulikaa sana kwenye taa. Kila chombo huwasha taa nyekundu ubavu wa kushoto na ya kijani ubavu wa kulia. Gizani huioni boti, unaiona taa yake. Ukiona nyekundu upande wako wa kulia, ujue mwenzako anakatiza mbele yako na wewe ndiye wa kumpisha. Kwa hiyo tulikuwa na chumba chenye giza na kisanduku cha taa, na kila leseni ilipohuishwa, nahodha aliketi humo apimwe macho upya. Mtahini Mkuu alikuwa akiniambia, "Abiria hamjui nahodha. Anapanda kwa kuwa kuna mtu aliyemjua kwa niaba yake. Mtu huyo ni wewe."

Nilihamishiwa Kisumu, nikarudishwa, na kufikia wakati huo Mtahini Mkuu alikwisha kustaafu. Mimi ndiye niliyeketi na kisanduku siku Nahodha Okoth alipokuja kuhuisha leseni yake.

Huyu alikuwa akivusha watu wa kisiwa kilicho karibu na gati letu tangu ujana wake. Aliketi gizani, nikawasha taa, nikamwuliza rangi. Akakisia. Nikawasha nyingine, akakisia tena. Mwishoni akasema zote zinamwagika na kuwa mwanga mmoja. Niliandika kwamba hakufaulu, nikamweleza kwamba hawezi kuendesha mpaka atibiwe. Alitoka bila kuniaga.

Kesho yake watu wa kisiwani walijaa mlangoni. Mama mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Alieleza kwamba uchungu ulimshika ziwa likiwa limechafuka, na ni Okoth peke yake aliyekubali kumvusha mpaka hospitali. Akaniuliza kama ningependa mtoto huyo asiwepo. Niliwaambia tu kwamba nawaelewa, na kwamba leseni sitoi. Walipoondoka nilifunga mlango nikalia.

Mwisho wa wiki nilimfuata nyumbani kwake. Mkewe alinidokeza kwamba siku hizi humwaga chai nje ya kikombe. Okoth mwenyewe alikiri kwamba gizani alikuwa akizikwepa boti kwa kusikiliza injini zao. Daktari alikuwa amemwambia ni mtoto wa jicho, apasuliwe, lakini kaka yake alipasuliwa akatoka kipofu.

"Madam, leseni umechukua," akasema. "Haya macho kidogo niliyobaki nayo niachie."

Nikamwambia Kisii kuna daktari wa macho, na nyumba yangu iko karibu. Kama ni kuogopa, aje aogopee kwetu.

Alikuja, akakubali kupasuliwa. Mume wangu, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa la Sabato, alimshika mkono kama ndugu, akimpitisha kwenye migomba. Mmoja hakujua Kidholuo, mwingine hakujua Ekegusii, basi waliongea Kiswahili kutwa nzima, wote wakivunja ngeli bila aibu. Mume wangu alimwita omogaka, yaani mzee mheshimiwa, na akamzoesha kula ugali wa wimbi na mboga za chinsaga. Bandeji ilipotolewa, Okoth alisimama uani akatazama mashamba ya chai yaliyoshuka mpaka bondeni.

"Kumbe kijani bado iko hivi," akasema, akafuta uso.

Lakini jicho la pili lilikuwa limeharibika zaidi, na upasuaji haukulirudisha. Mkaguzi wa Eneo, mkuu wangu mpya, aliketi nami tukazipitia kanuni. Tukampa leseni yenye sharti: aendeshe mchana tu, karibu na nchi kavu, na awe na msaidizi aliyefaulu mtihani. Okoth alilisikiliza sharti hilo mpaka mwisho. Kisha akamwita msaidizi wake, akampa ufunguo wa boti, akamwambia safari za usiku ni zake kuanzia siku hiyo.

Sasa nimestaafu, nachuma chai Birongo. Watu husema mwenye kutoa leseni ana nguvu. Mimi niliijua kazi hiyo kama kazi ya kuwanyima watu unaowapenda, kisha kutafuta njia ya kutowaacha hapo ulipowanyima.

Wiki niliyostaafu, niliomba kuvuka kwenda kisiwani. Okoth alinifunga jaketi la uokoaji mwenyewe, akanionyesha pa kukaa. Miaka yote nilipanda boti nikisimama karibu na usukani, nikiangalia mikono ya nahodha. Siku hiyo niliegemea gunia la dagaa wa omena na jua likinipiga usoni, na tulipofika ng'ambo ilibidi waniamshe.