Kosa la Kidole na Bomba la Nyumba Arobaini na Mbili

Saa moja asubuhi, Mama Koki amepiga magoti kando ya mtaro. Ovaroli yake ya buluu imepauka magotini, na spana kailaza begani kama mtoto anayebembelezwa. Macho hayabanduki kwenye geji ya kupimia msukumo wa maji, kisahani cha kioo kisichozidi mdomo wa kikombe. Mshale wake umesimama kwenye namba sita.

"Kaa hapo hapo, mwanangu," anauambia mshale. "Leo usiniaibishe."

Nyuma yake mtaa mzima umejaa, ndoo mikononi. Leo linapimwa bomba jipya la nyumba arobaini na mbili, lililolazwa na wanafunzi wake watano, wote wanaosomeshwa ufundi kwa ufadhili. Mshale ukitulia saa nzima, afisa wa maji atasaini na vijana hao watakabidhiwa mradi wausimamie wenyewe. Ukishuka, mradi anapewa mkandarasi wa nje.

Mama Koki, mwenye miaka thelathini na mmoja, anaijua ndoo. Alipokuwa na miaka kumi na saba aliacha shule, akawa anabeba ndoo ishirini kwa siku kupelekea nyumba za watu.

Aliyemwona ni msoma mita mmoja, mama wa makamo ambaye mtaa ulimwita Bibi Mita.

"Alinisimamisha njiani," anakumbuka Mama Koki huku akicheka. "Akaniuliza, 'Wewe mtoto, hicho kichwa hakina kazi nyingine?' Nikadhani ananitukana. Kumbe fomu alikuwa nayo mkobani."

Fomu ilikuwa ya chama cha wanawake wafanyakazi wa maji. Chama kilimlipia chuo miaka miwili, na Bibi Mita akawa mlezi wake kwa sharti moja: kila mwisho wa mwezi ampelekee kosa moja alilolifanya kazini. Si kwa simu wala barua. Aende kwa miguu yake, aseme kwa mdomo wake.

"Mwezi wa kwanza nikamwambia sina kosa. Hata kiti hakunipa! Akasema, 'Basi mwezi mzima hukufanya kazi. Rudi mwezi ujao.'"

Leo Mama Koki analisha watu watano nyumbani kwake kwa spana yake, ni mwenyekiti wa kamati ya maji ya mtaa, na wanafunzi wake nao anawadai makosa vilevile.

Dakika ya ishirini, mshale unatikisika. Unashuka. Tano na nusu.

"Haya, bomba limeanza kunywa lenyewe!" anapiga kelele fundi viatu wa pale kona. Watu wanaangua kicheko, lakini kicheko chenyewe kina wasiwasi.

Mtaro wote uko wazi na viungio vyote vinaonekana vikavu. Vyote isipokuwa kimoja, mbele ya nyumba ya mwisho, ambako udongo umerudishwa na kushindiliwa vizuri. Mama Koki anawatazama wanafunzi wake mmoja mmoja.

Anayejitokeza ni msichana wa miaka kumi na tisa. Wenzake humwita Kidole, kwa kuwa ukimuuliza chochote hujibu kwa kuonyesha kidole.

"Kosa ni langu," anasema. "Jana jioni nilifukia kiungio kabla hakijapimwa. Bibi wa nyumba ile alishindwa kuvuka na mkongojo wake, nikamwonea huruma. Ningeweka ubao tu."

"Lo! Kumbe sauti unayo?" anadakia fundi viatu.

"Ninayo, mjomba. Na wewe koleo unalo, nimeliona mlangoni kwako. Lilete."

Mtaa unalipuka kwa kicheko, safari hii cha kweli. Fundi viatu anakimbia. Kidole sasa ananyoosha kidole na kusema kwa wakati mmoja: wewe chimba huku, wewe taratibu usikate bomba, dada lete ubao wa bibi. Udongo unatoka, na kiungio hiki hapa, kinachuruzika kama pua ya mtoto mwenye mafua. Anakikaza mwenyewe.

Afisa anatazama saa. "Tuendelee pale tulipoishia?"

"Hapana, baba," anajibu Kidole. "Tuanze upya. Dakika za bure hatuzitaki."

Saa mbili kamili mshale umerudi kwenye sita. Hakuna anayeondoka. Saa tatu, bado sita! Afisa anasaini juu ya ndoo iliyopinduliwa, na koki inafunguliwa. Inakohoa mara mbili, inatema hewa, kisha maji yanaruka hadi kwenye viatu vya afisa. Vigelegele, ndoo zinagongana, watoto wamelowa chapachapa. Wanafunzi watano wamekumbatiana, matope mpaka masikioni.

"Mwacheni bibi aanze," anaamuru Kidole.

"Mjukuu wangu," anasema bibi wa mkongojo akikinga ndoo, "kumbe kosa lenyewe lilikuwa langu!"

Mama Koki anajifuta uso. Mwakani, anasema, atawaomba wakazi wamchague Kidole kuwa mwenyekiti, na kila mmoja wa wale watano atafute mtoto mmoja mwenye ndoo kichwani, amjazie fomu.

Kisha anavua ovaroli na kuikunja. Ni mwisho wa mwezi, na Bibi Mita, aliyestaafu sasa, anamngoja.

"Nina langu la kupeleka," anasema kwa sauti ya chini. "Ule udongo niliuona tangu nilipofika. Nikanyamaza. Nikayaweka hatarini maji ya nyumba arobaini na mbili, ili nione kama huyu mtoto atafungua mdomo."

Kidole amesikia. Anachukua viatu vyake mkononi.

"Nisubiri, dada," anasema. "Na mimi nakuja na langu."