Mate Yangu Yalimfukuzisha Mwenzangu Maabara

Mimi ni mchafu, jamani. Siongelei kuoga. Niliharibu kazi ya mtu kwa mdomo wangu, halafu mdomo huo huo nikaufunga.

Nasomea fizikia chuo kimoja hapa Dodoma. Tunajaza gesi kwenye chemba ya chuma kwa mgandamizo mkubwa, tunapitisha umeme mkali, gesi inawaka kama radi ndogo na kuzimika kufumba na kufumbua. Mwanga wake tunaupima rangi kwa rangi, maana kila kilichomo mle kina rangi yake. Chumvi ni njano.

Mwenzangu nitamwita Neema, si jina lake. Binti wa Kongwa, ananiita kaka. Jaribio lilikuwa lake, la shahada ya uzamili. Mimi nilimsaidia tu. Alisafisha kwa spiriti ncha mbili za chuma, zile ambazo umeme unaruka kati yake, akatoka kufungua mtungi wa gesi.

Nikaona doa kwenye ncha moja. Chupa ya spiriti ilikuwa hapo hapo! Uvivu tu! Nikalitemea mate, nikalifuta kwa kidole, nikafunga chemba. Ptuu! Hata kuandika haya nasikia kinyaa.

Alipowasilisha matokeo ukumbini, kwenye kila mchoro kulikuwa na mstari wa njano uliofunika kila kitu. Msimamizi wetu akacheka kwa dharau.

"Hii chumvi, Neema. Umeosha kwa maji ya bomba?"

Ukumbi mzima ukacheka. Nani hajui maji ya Dodoma yalivyo na chumvi?

"Hapana, Dokta. Nilisafisha kwa spiriti." Akanigeukia. "Kaka, si uliniona? Waambie."

Nilimwona! Na mate nayo yana chumvi. Lakini ningesema ndiyo, swali lingefuata: basi nani aligusa baada yake?

"Sikuangalia vizuri," nikasema.

Mungu wangu! Bado naona macho yake.

Aliambiwa si mwaminifu, kwamba anadanganya hata kwa jambo dogo. Akaondolewa maabara, akarudi kwao. Na mashine ile, aibu gani hii, nikapewa mimi.

Wiki iliyopita alinitumia mfuko kwa basi. Karanga za kwao, kazikaanga mwenyewe kwa chumvi. Akanipigia na simu.

"Kaka, usijilaumu. Najua ungeniona ungenitetea."

Nikamshukuru! Nilikuwa natafuna huku namshukuru! Nilipokata simu nikakimbilia chooni, zikatoka zote.

Wewe uliyekosea kazini na hakuna aliyekuona, sema siku hiyo hiyo. Utachekwa, utagombezwa, yataisha. Ukinyamaza, atachekwa asiye na kosa, na wewe utaletewa zawadi.

Kesho asubuhi nakwenda kwa msimamizi. Namba ya Neema ninayo tangu zamani, ila kila nikitaka kuipiga mdomo unajaa mate, na siwezi kuyameza.