Nilifuta kisanduku kimoja kwa notebook, karibu tuchome watoto wa watu

Wakuu, sasa.

Hii story inaniaibisha, kwa hivyo sina sababu ya kuipamba. Someni tu vile ilikuwa.

Programming nilijifunza mwenyewe, kwa printout za cyber hapa Nakuru. Mapema mwaka huu, 2008, nikapata programu ya notebook. Ni page inafunguka kwa browser, iko na visanduku. Unaandika code kwa kisanduku, unabonyeza, jibu linatokea hapo chini. Kwangu ilikuwa kama kupewa maabara.

(Kama unaanza, chukua hesabu ndogo. Mimi nilianza na joto kupita kwa ukuta.)

Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi za computer kwa Mzee Gurdev, mwenye workshop ya mabati. Alikuwa amekubali kutengenezea majiko familia zilizofukuzwa makwao, zinazoishi kwa hema. Hema ni ndogo, watoto wanalala karibu na jiko. Bati la nje likishika moto sana, mtoto anaungua.

Swali lilikuwa moja: ndani tuweke udongo wa unene gani?

Nikapiga simulation siku sita. Nilijaribu udongo wa kawaida, nikajaribu ule mweupe mwepesi unaochimbwa upande wa Gilgil, unaozuia joto zaidi, halafu mchanganyiko wa hizo mbili, ambao ndio tulikuwa nao.

Sasa ugonjwa wangu. Siwezi kuonyesha mtu kazi chafu. Shuleni nikikosea neno moja, nilikuwa narudia ukurasa mzima. Kwa hivyo kabla Mzee aone, nilifuta visanduku vyote vya majaribio. Notebook ikang'aa.

Jibu: sentimita mbili zinatosha.

Mzee akafurahi, akaenda nyuma kuambia fundi aanze kukanda udongo.

Hapo stima ikapotea. Iliporudi nikawasha computer, nikarun kila kisanduku kutoka juu, kujiridhisha tu.

Jibu: sentimita nne.

Kumbe kisanduku kimoja nilichofuta kilikuwa na namba ya vile joto hupita kwa udongo mweupe mtupu, na programu ilikuwa bado imeishika kwa memory mpaka stima ilipopotea. Nilikuwa nimefuta maandishi, namba ikabaki. Ile mbili haikuwa ya udongo wetu.

Nilikuwa peke yangu kwa ofisi. Wakuu, nilifikiria kunyamaza. Nilifikiria kwa dakika nyingi kuliko ningependa kuwaambia.

Halafu nikaenda nyuma, nikasema yote mbele ya fundi.

Mzee alinitazama, akacheka polepole. "Hiyo mashine ni kama bibi yangu. Unadhani amesahau, kumbe ameweka."

Kisha akanionyesha ukuta. Vipimo vya chaki vya miaka mingi, vingine vimekatwa mstari mmoja, lakini bado vinasomeka.

"Hayo ni makosa yangu yote," akasema. "Ningeyafuta, ningeyarudia."

Tukatengeneza jiko la kwanza kwa sentimita nne, tukaliwasha mpaka makaa yakawa mekundu. Mzee akaweka kiganja kwa bati la nje, akakiacha hapo huku akiongea na fundi mambo mengine.

Nilichojifunza: usiamini jibu mpaka ufunge programu, uifungue upya, na urun kila kitu kutoka juu. Na jaribio lililokosea, andika juu yake kwamba lilikosea, uliache.

Notebook yangu ya sasa iko na visanduku kumi na kimoja vya makosa. Bado vinaniwasha macho. Nyinyi mnaotumia hizi vitu, mnaonyeshaje watu kazi chafu bila kuona aibu? Nasoma kila comment.